Mwambie Aigeuze: Kusoma Picha za Spika Kabla Hujatuma Pesa

Sabufa nyeusi imesimama katikati ya weupe mtupu. Haina sakafu, haina ukuta, haina kivuli. Usoni ina duara nne, mbili kubwa na mbili ndogo, zote zimezungushiwa taa za buluu. Kushoto na kulia kwake zimesimama spika mbili nyembamba. Hakuna waya hata mmoja. Juu yake yako maandishi mekundu, 12000W, na chini muuzaji kaongeza lake: "Mzigo mpya umeingia, wahi." Mtu kakaa zake Michenzani, Unguja, na simu mkononi, anaikuza picha, anaipunguza, anaikuza tena. Itaingia kwenye kabati la TV au itakaa chini? Duara zote nne zinalia? Na umeme inapata wapi?

Maswali yake yote ni ya haki, ila picha ile haikupigwa ili kuyajibu.

Ule weupe una sababu yake. Masoko makubwa ya mtandaoni yana masharti ya picha ya kwanza ya bidhaa. Amazon, kwa mfano, wanataka nyuma ya bidhaa pawe peupe kabisa na bidhaa yenyewe ijaze angalau asilimia 85 ya picha. Kwa kiatu au sahani ni sharti zuri tu. Kwa spika linafuta kitu ambacho mnunuzi anakihitaji kuliko vyote, nacho ni kipimo. Spika ya kubeba kiganjani na spika inayokufika kiunoni zote zitajaza picha ileile, na zote zitaonekana sawa. Kiwanda kinatengeneza picha moja safi, mara nyingi kwa kompyuta na si kwa kamera. Kuanzia hapo inasafiri. Inapita kwa wauzaji wa jumla wa Dubai na Kariakoo, inafika kwenye simu ya kijana wa Darajani, na kila anayeipokea anafuta jina la mwenzake na kuandika lake. Boksi moja linaweza kuuzwa kwa majina matano. Kiwanda kikibadilisha uso wa spika mwaka unaofuata, picha ya zamani inaendelea kuzunguka. Kwa hiyo muuzaji aliyekuwekea picha isiyofanana na mzigo si lazima awe tapeli. Mara nyingi hata yeye hajalifungua boksi.

Sasa kipimo utakipata wapi kwenye weupe? Tafuta tundu la USB. Sabufa karibu zote za siku hizi zina tundu la kuchomeka flashi usoni au ubavuni, na tundu hilo ni lilelile dunia nzima: upana wake ni milimita 12 na kitu. Hiyo ndiyo rula yako. Ikuze picha mpaka tundu la flashi lionekane vizuri, weka rula ya skuli juu ya kioo cha simu, pima upana wa tundu, kisha bila kubadilisha ukubwa wa picha pima upana wa koni, yaani ile duara inayotoa sauti. Tuseme tundu limekuja milimita 4 na koni milimita 44. Koni ni mara 11 ya tundu. Mara 11 kwa 12 ni milimita 132, yaani inchi 5 na robo. Tangazo linasema inchi 8, ambayo ni milimita 203. Hata ukimwonea huruma muuzaji ukalihesabu tundu kuwa milimita 13, unapata 143, bado hujafika inchi 6. Hesabu hii inafanya kazi pale tundu na koni vinapokuwa kwenye uso mmoja na picha imepigwa kutoka mbele. Picha ikiwa ya mshazari, achana nayo.

Picha ikiwa imepigwa nyumbani kwa mtu, kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu ukutani hapakosi soketi. Soketi moja ya kawaida ya pini tatu tunayotumia huku ina mraba wa milimita 86 kwa 86, na ile ya mbili ina milimita 146 kwa 86. Spika iliyosimama karibu na ukuta huo inapimika vizuri tu. Usitumie kochi wala zulia kuwa kipimo, hasa kwenye zile picha za ukumbi wa kifahari wenye dirisha kubwa. Humo spika imebandikwa tu. Utaigundua kwa kivuli: mguu wa meza unatupa kivuli kulia, spika inatupa kushoto au haitupi kabisa.

Tuje kwenye duara nne, maana hapa ndipo watu wanapokanganyika zaidi, na makosa yako pande zote mbili. Wapo wanaodhani kila duara inalia, na wapo waliokwisha kuumwa na nyoka ambao wanaziita zote feki.

Koni inayolia imeshikwa ukingoni na pete ya mpira au ya sponji iliyovimba nusu mviringo. Pete hiyo ndiyo inayoiachia koni iingie na itoke. Katikati pana kikofia kinachofunika koili, waya uliosokotwa unaoichezesha koni. Fremu imekazwa kwenye boksi kwa skrubu, kwa kawaida nne kwa koni ndogo, sita au nane kwa kubwa. Sasa zitazame zile skrubu. Fundi akikaza skrubu sita kwa mkono au kwa mashine, msalaba wa kila kichwa unasimama pembe yake: huu umelala, ule umesimama, huu mshazari. Ukiona vichwa vyote sita vimeelekea upande mmoja kama makoti kwenye henga, basi ama picha imechorwa na kompyuta, ama skrubu hizo ni plastiki iliyotoka na uso wa boksi kwenye kalibu moja. Ikiwa picha inaonekana ni ya kamera na skrubu bado ziko hivyo, duara hiyo ni pambo. Pambo pia halina kina: pete yake imelala bapa, na mwanga unapita juu yake bila kuvunjika.

Ipo aina ya tatu, na hii isikutie wasiwasi. Ni koni isiyo na koili wala sumaku. Haina waya unaoifikia. Inasukumwa na hewa ya ndani ya boksi pale koni yenye koili inapocheza, na kazi yake ni kuipa spika ndogo besi ambayo boksi lake lisingeitoa. Utaikuta sana kwenye spika za Bluetooth, mara nyingi moja kila ubavu. Kwa sura ni bapa, haina kikofia, katikati imewekwa bamba au nembo, lakini pete yake ya mpira ni ya kweli na ni nene. Dukani utaijua hivi: bonyeza wufa, yaani koni ya besi yenye koili, taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, na ile isiyo na koili itasogea kutoka nje. Ikibaki imekaa kama jiwe, ama boksi linavuja hewa ama hiyo ni pambo.

Tundu la hewa, lile la kusaidia besi, nalo huigizwa. Tundu la kweli ni bomba linaloingia ndani ya boksi, mdomo wake umepinda kama tarumbeta. La uongo ni shimo la sentimita moja lenye rangi nyeusi chini yake. Picha ya kawaida haitofautishi. Mwombe muuzaji amulike tochi ya simu ndani ya tundu ndipo apige.

Halafu ziko zile 12000W. Hapa hatuhitaji hata kubishana juu ya sauti, tuitazame plagi. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, na kubwa kuliko zote ni ampea 13. Zidisha 13 kwa volti 230, unapata wati 2,990. Kitu chochote kilichochomekwa kwenye soketi ya kawaida hakiwezi kula zaidi ya hapo muda mrefu bila fyuzi kukatika. Wati 12,000 ni pasi kumi na mbili za wati 1,000 zinawaka pamoja. Ingekuwa kweli, saa moja ya muziki ingekula uniti 12 za umeme wa Tukuza, na hakuna mwenye nyumba angekubali. Namba hiyo ni ya PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kwenye karatasi, hesabu isiyo na kanuni yoyote inayokubalika, kila kiwanda kinapiga ya kwake.

Namba ya kweli iko nyuma, kwenye lebo ndogo karibu na pale waya wa umeme unapotokea. Itaandikwa kitu kama "AC 220-240V~ 50Hz 60W". Hizo 60W ndizo sabufa inazozivuta ukutani, na haiwezi kuzitoa zaidi kwa sauti ya mfululizo. Amplifaya ya mtindo wa zamani, yenye transfoma na bamba la kupozea joto, inapoteza karibu nusu, kwa hiyo tegemea wati 30 hadi 35. Ya kisasa ya daraja D inapoteza kidogo sana, pengine utapata 50. Ikiwa spika inatumia adapta ya nje, soma adapta: volti 12 mara ampea 2 ni wati 24, na hapo mjadala umekwisha. Wati 30 za kweli zinatosha ukumbi wa kawaida na jirani akasikia. Ukiziongeza maradufu unapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua lakini halishtuki. Kwa hiyo usilie ukikuta 60W nyuma ya boksi lililoandikwa maelfu. Lia kama umelipia maelfu.

Ukiniuliza picha gani moja ningeitaka kuliko zote, sitasema ya spika. Nitasema ya ubavu wa katoni. Hakuna mtu anayepamba ubavu wa katoni. Maandishi yale yamewekwa kwa ajili ya wapakia mizigo na watu wa meli, na huko kusema uongo kunagharimu. Tafuta mistari mitatu: N.W. ni uzito wa bidhaa peke yake, G.W. ni uzito pamoja na katoni, na MEAS ni urefu, upana na kimo. Katoni ikisema N.W. 4.1KG na MEAS 38x29x27CM, basi sabufa, spika zake mbili, rimoti na nyaya vyote vimeingia humo na vina uzito wa kilo 4 tu. Wufa ya inchi 8 yenye sumaku ya maana, transfoma, na boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), haiwezi kuwa na uzito huo. Hicho ni boksi la plastiki lenye koni ya inchi 4 au 5. Huenda kwa bei yake kikakufaa, lakini ujue unachonunua.

Swali la nyaya jibu lake ni fupi. Nyaya zinafutwa kwenye picha kwa sababu ni mbaya kutazama. Spika ya "seti ya 5.1" (spika tano na sabufa moja) inayoonekana imeelea hewani bila uzi bado ina waya unaotoka kwenye sabufa mpaka nyuma ya kochi lako. Uliza urefu wa nyaya za nyuma. Mita 3 hazifiki kwenye ukumbi mkubwa.

Kinachowaumiza watu ni tatizo la upande wa pili: spika nzuri, za mbao, za mtumba, mbili mbili, bei ndogo, picha za kamera, kila kitu ni kweli. Zinafika nyumbani, mtu anazigeuza kutafuta waya wa kuchomeka ukutani, anakuta vibanio viwili tu, chekundu na cheusi. Hizo hazina amplifaya ndani. Zinataka amplifaya ya nje, na zinataka ilingane nazo. Nyuma ya spika pameandikwa ohm (Ω), kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme: 8, 6, 4. Nyuma ya amplifaya pameandikwa inachokubali, mathalani 6–16Ω. Spika zilizotolewa kwenye seti za sinema ya nyumbani mara nyingi ni ohm 3 au 4. Ukizifunga kwenye amplifaya ya 6–16 na ukafungua sauti, amplifaya itapata moto, itajizima, na kama haina ulinzi itaungua. Dalili kwenye picha ni plagi ndogo ya plastiki yenye rangi, badala ya vibanio vya waya mtupu. Hiyo inaingia kwenye mashine yake tu.

Mtumba wa Japani ni somo peke yake, na kwetu ni mwingi. Tazama plagi: pini mbili bapa zilizosimama sambamba. Hiyo ni Japani au Marekani. Lebo ikisema AC100V, ni Japani, na mara nyingi itaandika 50/60Hz kwa sababu nchi ile yenyewe imegawanyika, Tokyo wanatumia 50 na Osaka 60. Ikisema 120V 60Hz, ni Marekani. Ukichomeka mashine ya volti 100 kwenye 230, transfoma inapewa zaidi ya mara mbili ya inachokihimili. Ukibahatika, fyuzi inakatika. Usipobahatika, unasikia harufu. Kile kiplagi cha kubadilishia pini anachokuonyesha muuzaji kwenye picha kinabadilisha pini tu, volti zinabaki zilezile. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na uichague yenye uwezo wa karibu mara mbili ya mashine: mashine ya wati 80 ipe transfoma ya 150 au 200, maana zile zilizokadiriwa barabara hushinda zinachemka. Iliyoandikwa 100-240V pekee ndiyo isiyohitaji transfoma, hicho kiplagi kinaitosha. Na ikiwa mashine ina redio, soma mstari wa masafa usoni. Redio nyingi za Japani zinaanzia 76 na kuishia 90, wakati FM yetu inakwenda 87.5 mpaka 108. Utapata CD, utapata besi, stesheni utaambulia chache mno.

Halafu bahari. Spika iliyokaa miaka kumi katika nyumba ya Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa zinazotoka unyevu kila masika, haizeeki kama spika ya Dodoma. Ikuze picha sehemu tatu. Pembe za chini za boksi: MDF ikinyonya maji inavimba, ngozi ya juu inainuka kama ganda la muhogo, na hairudi. Vichwa vya skrubu na vibanio vya nyuma: kutu ya kahawia ni ya chuma, ukijani ni wa shaba, na ukijani unaweza kumaanisha waya ndani nao umeanza kuliwa. Mwisho pete ya koni. Sponji kwa joto na unyevu wetu hupasuka na kuwa unga ndani ya miaka kumi au kumi na mitano, hata spika ikiwa haipigwi. Mpira hudumu zaidi sana. Muuzaji akiwa amepiga picha na kitambaa cha mbele kimefungwa, mwambie akivue.

Sponji iliyoliwa si mwisho wa spika. Pete mpya zinauzwa, ila usiagize kwa kusema "inchi 8". Pima kipenyo cha koni, kipenyo cha ndani cha fremu, na upana wa mviringo wenyewe, kwa sababu inchi 8 za viwanda viwili hazilingani. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote, pasafishwe kwa spiriti, pete ibandikwe kwenye koni kwanza, kisha kwenye fremu huku koili ikiwekwa katikati barabara. Acha saa 24 kabla ya kupiga. Fundi anayeharakisha hapo ndiye anayekurudishia spika inayokwaruza.

Maombi yote haya kwa muuzaji yanaingia kwenye ujumbe mmoja, na adabu inasaidia kuliko ukali:

"Assalaam alaykum ndugu yangu. Ile sabufa uliyoiweka leo bado ipo? Ikiwepo naomba uigeuze unipigie picha ya lebo ya nyuma na plagi yake, na ubavu wa katoni wenye maandishi. Nitumie kama dokumenti tafadhali, ili maandishi yasipotee."

Maneno "kama dokumenti" usiyaache. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaibana, na tarakimu za lebo ni za kwanza kufutika. 60W na 80W zinakuwa doa moja. Video ya spika ikilia, kwa upande mwingine, usiilipie hata shilingi. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno, na simu yako wewe unayesikilizia haiwezi kutoa besi ya chini hata ingeletewa. Video inakuthibitishia kwamba inawaka. Basi.

Kwa mtu wa Wete au Chake, kisiwani Pemba, hili si jambo dogo. Mzigo wa Kariakoo unalipa usafiri mpaka Unguja, unalipa tena mpaka bandari ya Mkoani, halafu gari. Kuurudisha ni njia ileile kinyumenyume kwa fedha yako, na muuzaji anajua hutairudisha. Picha mbili za nyuma kabla ya kutuma pesa hazigharimu kitu.

Spika za vibanio viwili zikishafika, kabla hujaziunganisha na chochote, chukua mita ya fundi na uiweke kwenye ohm. Spika ya ohm 8 isome kama 6 au 7, ya ohm 4 isome kama 3 na kitu. Ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Kisha chukua betri moja ya volti 1.5, gusisha upande wa chanya kwenye kibanio chekundu na hasi kwenye cheusi, mara moja tu, kama unavyogusa pasi kujua imepata moto. Itasikika "tak" na koni itaruka. Ikiruka kwenda nje, waya umefungwa sawa. Ikizama ndani, mara nyingi mtu alishaifungua kabla yako na akazigeuza nyaya. Zirudishe, la sivyo spika mbili zitavutana kinyume na besi itapotea katikati ya ukumbi.